Nyumba ya Kerubo Ilivyosomwa Kituoni

Asubuhi niliyoingia katika kazi ya bima sikuwa nikitafuta kazi. Nilitoka kwetu Nyamira ng'ombe hawajakamuliwa, shati moja likiwa kwenye mfuko wa karatasi, na mama aliponiuliza naenda wapi nikamwambia naenda kuona. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu siku zote. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, mwalimu akiwa amechoka na maswali yangu na mimi nimechoka na majibu yake. Baada ya hapo nilibeba mawe ya sabuni kule Tabaka, nikapakia ndizi, nikalinda mashine ya kusaga unga, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka.

Mvua ilinikuta mjini Kisii. Nikajikinga kwenye baraza la jengo moja la ghorofa, nikaona vijana waliofunga tai wamepanga foleni kwenye ngazi. Foleni ya watu waliofunga tai ni kitu cha kushuku. Nikaingia nyuma yao ili nijue wanagawiwa nini.

Mwisho wa foleni alikuwepo Meneja wa Tawi, mama mmoja kutoka kaunti za ziwani, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alinitazama viatu kwanza.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Na mvua, madam."

"Wenzako hawa wana vyeti. Una nini?"

"Nina swali. Hii bima ni kitu gani hasa?"

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Watu wengi wanachanga kidogo wakiwa wazima, ili mmoja akiugua asiuze shamba."

"Na yule ambaye haugui?"

"Amemlipia aliyeugua."

"Anajua hivyo?"

"Hiyo ndiyo itakuwa kazi yako," akasema. "Ajue, na bado alipe."

Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa kamisheni bila mshahara, na mtihani wa mawakala niliufanya baadaye. Niliingia nikiwa na shaka na nikatoka mzee nikiwa nayo bado, lakini katikati nilijifunza mengi, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaandikia ninyi mnaoandikisha watu leo kwa simu.

Kampuni yetu ilifanya kazi mbili. Iliuza bima yake ndogo kwa wakulima, na pia ilikuwa na mkataba wa kuandikisha watu katika mfuko wa afya wa taifa, ule wa zamani. Wakala alitakiwa kuelewa maneno machache na kuweza kuyaeleza kwa mtu aliyeshika jembe. Mchango ni ile pesa ya kila mwezi. Wategemezi ni wale wanaotibiwa kwa jina lako, yaani mke au mume na watoto. Muda wa kungojea ni zile wiki za mwanzo ambazo umelipa lakini hospitali haikupokei bado, ili mtu asijiandikishe akiwa tayari juu ya machela. Idhini ni ruhusa ambayo hospitali huomba kwa bima kabla ya kumpasua mtu. Ukimweleza mkulima idhini, atakuuliza, "Na mkikataa mimi nikiwa nimeshafika?" Swali hilo lilikuwa zuri wakati ule na bado ni zuri.

Niliwekwa chini ya Msimamizi wa Mawakala, mwanamume mrefu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, Msabato, asiyevaa saa wala kuchelewa. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa huko huko Nyamira. Tulifika kwa mzee mmoja mwenye boma kubwa, nikafungua daftari, nikauliza kama nilivyofundishwa: "Mzee, una watoto wangapi?"

Mzee akamwita mbwa wake karibu. Msimamizi akanishika mkono akanitoa nje ya ua.

"Wewe si wa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Basi kwenu mlihesabiana kama mbuzi?" Akanieleza kile ambacho nilikijua tangu utotoni ila nilidhani ofisi ina kanuni zake: mtu haulizwi idadi ya wanawe, maana anayetaka idadi huenda anataka kupunguza. "Muulize majina. Muulize nani hula hapa. Idadi utaipata mwenyewe ukiwa ofisini."

Tukarudi. Nikauliza nani hula hapa, na mzee akataja majina mpaka mkono wangu ukachoka.

Baadaye nilihamishiwa Ogembo, na huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko mahali popote maishani mwangu. Kwa mtu wa tabia yangu ilikuwa ajabu, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kutembea. Nilipanda vilima na kushuka, nikala ndizi za kupikwa kwenye nyumba za watu, nikajua nani amegombana na nani kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Ogembo ndiko tulikoanza kusoma nyumba. Nitaeleza, maana vijana wengi hawajaona jambo hili. Watu hawakuiamini karatasi. Siku moja mama mmoja alikwenda hospitali akaambiwa kwamba kwenye kadi ya mumewe kuna jina la mwanamke mwingine. Vita vikazuka, na lawama zikaniangukia mimi, eti nimelipwa na yule mwingine. Msimamizi alikuja kutoka Kisii, akasikiliza kila mmoja, halafu akasema, "Kuanzia leo usipeleke karatasi ofisini kabla ya kuisoma mbele ya watu."

Mahali palipokuwa na watu ni kituo cha majani chai, kile kibanda ambacho wakulima hukusanyika na vikapu wakingoja lori lije kupima. Lori huchelewa siku zote. Nikawa nasimama kwenye kizingiti cha kibanda nasoma: "Nyumba ya fulani. Mke wake fulani. Watoto wao hawa na hawa." Watu wakikubali husema "Ee" kwa pamoja. Kukiwa na jina geni, mtu hukohoa, nami huacha kusoma na kuuliza. Nimewahi kukoholewa na kituo kizima. Mwanamume aliyetaka kumwingiza shemeji yake kama mtoto wake alikoholewa mpaka akaondoka na kikapu chake bila kupimiwa.

Meneja wa Tawi alisikia habari hizi akaniita. "Nani alikuruhusu kugeuza bima kuwa baraza?"

"Malalamiko yamepungua, madam."

Aliangalia jalada la malalamiko, akalifunga. "Mimi sijakuita hapa," akasema. Nikaelewa kwamba nimeruhusiwa.

Kwa njia hiyo niliiandikisha nyumba ya Kerubo. Huyu alikuwa mama mzee, mjane, aliyekaa mwendo mfupi juu ya kituo. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Sasa kwetu, mama wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana awe mkamwana wake, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto wa msichana huyo ni wa nyumba ile, wanabeba jina lake, na wanarithi shamba lake. Kerubo alitoa ng'ombe kwa ajili ya Moraa. Moraa akaja, akazaa wana wawili, akachuma chai ya mama mkwe wake kwa mikono miwili kwa kasi ambayo sijaona kwa mwingine. Mfuko wa zamani haukuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo. Tulilipeleka kwa Meneja wa Tawi, akakuna kichwa, akaandika kwa mkono pembeni "mkamwana", akagonga muhuri juu yake. Nikaisoma kituoni. Watu wakasema "Ee."

Miaka ikapita. Ndipo serikali ikaja na mageuzi ya afya. Mfuko wa zamani ukafungwa, mpango mpya ukaanza, na kila mtu akatakiwa kujiandikisha upya kwa simu. Sisi mawakala tuliambiwa tusaidie "kwa muda". Neno hilo nililiangalia kwa jicho moja.

Simu ilikuwa na maswali ambayo hata Msimamizi, aliyekuwa amestaafu wakati huo, alipoyasikia alicheka mpaka akakaa chini. Paa lako ni la nini? Choo chako ni cha namna gani? Una ng'ombe? Maswali hayo yalikuwa ya kupima uwezo wa mtu ili kupanga mchango wake. Lakini mtu aliyeulizwa habari za choo na mgeni mwenye simu hawezi kufikiri habari za hospitali. Nikiingia bomani naona ng'ombe wanapelekwa nyuma ya migomba.

Katikati ya hayo, kiti cha mbunge wetu kikawa wazi, na uchaguzi mdogo ukaitishwa, muhula wa serikali ukiwa nusu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mgombea wa upande wa serikali alipita akisema kura yake ni kura ya kukubali mpango mpya. Mgombea wa upinzani alipita akisema akishinda yeye, mpango huo utakufa na mfuko wa zamani utafufuka. Mbunge mmoja hawezi kufufua wala kuua sheria ya nchi, na nililisema hilo kwa kila aliyeniuliza, nao waliniuliza nimelipwa na upande gani. Wengine walidai alama ya kidole inayochukuliwa hospitalini ndiyo itakayopiga kura kwa niaba yao. Niliwauliza waliambiwa na nani. Kila mmoja aliambiwa na mwenzake.

Sisi mawakala tulikuwa na hesabu zetu. Tulikutana kwenye hoteli ya chai pale Ogembo, tukazungumza kwa sauti ya chini. Serikali ikishinda, tulisema, watajiona wamekubaliwa, wataharakisha mambo ya simu, na wakala hatahitajika. Ikishindwa, wataogopa, mageuzi yatakwenda polepole, nasi tutakula miaka mingine michache. Kwa hiyo kila mmoja wetu alijua angependa nini, na hakuna aliyesema.

Meneja wa Tawi alipiga simu. Huyu alikuwa mwingine sasa, kijana wa Nairobi aliyeitwa Mkuu wa Kanda. "Mzee, simamisheni uandikishaji vijijini mpaka matokeo yatoke. Kampuni inataka kuona upepo."

"Na mgonjwa naye aone upepo?"

"Mzee, usinifanyie hivyo."

Mgonjwa niliyekuwa naye moyoni alikuwa Moraa. Alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. Ulikuwa umekua miaka mingi bila kumsumbua, lakini mwaka ule uligeuka ukaanza kumbana koo. Alilala akiwa ameketi. Akipanda kilima na kikapu alisimama kila mara kuvuta pumzi, na pumzi ilitoa mlio kama wa mlango. Daktari wa hospitali ya Kisii alimpa siku ya kupasuliwa akamwambia asiipitishe. Hospitali ikamwambia pia kwamba bila kuwa kwenye mpango mpya hakuna idhini, na siku hiyo itapewa mtu mwingine.

Nilikwenda kwao asubuhi. Kerubo alikuwa anamenya ndizi mlangoni, Moraa ameegemea ukuta ndani.

"Bwakire, omong'ina," nikamsalimu kwa heshima ya mama mzee.

"Bwakire, tata," akanijibu, akiniita baba kwa heshima. "Umekuja na simu?"

"Nimekuja nayo."

"Basi kaa mbali kidogo. Onchari alikuja na yake jana."

Onchari alikuwa mtoto wa shemeji yake, yaani marehemu mume wa Kerubo alikuwa baba mdogo wa Onchari. Shamba la Onchari lilipakana na hili. Wakati huo alikuwa mpiga debe wa mgombea wa serikali, akipita bomani na fulana ya kampeni na simu, akiandikisha watu bure na kuwakumbusha wampigie nani.

"Alisemaje?"

"Alisema ataandika Moraa apasuliwe haraka. Nikamuuliza anamwandika vipi. Akasema, 'Mama, simu inataka tu kujua kama ameolewa.' Nikamwambia ameolewa hapa. Akasema simu inataka kitambulisho cha bwana."

Nilifungua simu yangu nikajaribu mwenyewe. Ilikuwa kweli. Ukisema ameolewa, inadai namba ya mume, na bila namba haisongi mbele. Majibu yaliyobaki yalikuwa hajaolewa, ameachika, na mjane.

"Andika mjane," nikasema.

Kutoka ndani Moraa akacheka, kicheko kikakatika kwa kukosa pumzi. "Mjane wa nani, mzee? Mtu ambaye hakuzaliwa atakufa lini?"

"Na hajaolewa?"

Kerubo akaacha kumenya. "Hilo ndilo Onchari anataka. Aliandika hivyo, akamwambia Moraa abonyeze kidole. Nilimnyang'anya mkono." Akaninyooshea kisu, si kwa ubaya, ni kwa kuwa alikuwa nacho mkononi. "Tata, wewe unajua. Moraa akisema kwa kidole chake kwamba hajaolewa, basi hii nyumba haina mke. Wale watoto ni wa nani? Wataambiwa ni watoto wa msichana aliyekaa kwa nyanya. Siku nikifa Onchari atatembea na hiyo simu mpaka kwa mpimaji wa ardhi."

"Mama, na nikifa mimi kwanza?" Moraa akauliza kutoka ndani.

Ndizi iliyomenywa ikageuka rangi mkononi mwa Kerubo.

Nilishuka kumtafuta Onchari. Nilimkuta sokoni Ogembo anagawa fulana, kijana mcheshi anayejua jina la kila mtu.

"Mzee wa bima!" akaniita. "Mbona hujavaa rangi? Au unangoja kuona nani ameshinda ndiyo uwe wake?"

"Ulitaka kumwandika Moraa hajaolewa."

"Si mimi, ni simu. Wewe uliandika wangapi namna hiyo?"

"Kwa nini ulikwenda kwao wa kwanza, kabla ya wengine wote kule juu?"

Akatabasamu. "Kwa sababu ni mgonjwa, mzee. Au mgonjwa huanzwa mwisho?" Halafu akamgeukia mwenzake, "Huyu amefanya kazi ya kushuku mpaka anashuku dawa." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, maana alikuwa amenijibu vizuri. Mpaka leo sijui alikuwa na nia gani siku ile. Mtu anaweza kumwonea mgonjwa huruma na kulitamani shamba lake katika mwendo mmoja.

Nilifikiri kutwa nzima. Nikamkumbuka Msimamizi, nikamwendea nyumbani kwake, nikamkuta anapalilia kahawa. Nikamweleza.

"Simu imekosa nafasi," akasema. "Hata karatasi haikuwa na nafasi. Nani aliisaidia karatasi?"

"Kituo."

"Basi."

"Ofisi itanifukuza. Kuna sheria ya siri za wateja sasa."

"Mwenye siri ni nani?"

"Moraa."

"Kamuulize yeye."

Nilipanda tena. Niliwaeleza wote wawili: Moraa ataandikwa peke yake na wanawe, kwa neno lile lile baya, kwa sababu hospitali haitampokea kwa lingine. Lakini siku hiyo hiyo, kabla ya kubonyeza, nitasoma nyumba kituoni mbele ya wote, kama zamani, na watu watajua neno la simu ni la namna gani.

Kerubo akatazama chini kuelekea kituoni. "Na wasiposema 'Ee'?"

"Basi sitabonyeza."

"Onchari ana watu wengi pale."

"Anao."

Moraa akatoka mlangoni, mkono kwenye fremu. "Mama, niache nisomwe," akasema. "Mimi nimebeba chai na wale watu. Nataka niwasikie."

Siku ya kusoma ikaangukia siku ya matokeo. Sikupanga hivyo, ni lori lililopanga. Wakulima walikuwa wengi kituoni kuliko kawaida, maana karani wa kituo alikuwa na redio yenye sauti kubwa, na matokeo yalikuwa yanasomwa, kituo kimoja cha kura baada ya kingine. Fulana za rangi zote zilikuwepo. Onchari alikuwa amesimama juu ya gunia lililojaa. Kerubo alikuja na fimbo, Moraa nyuma yake akipumua ule mlio wake, na watu wakampisha.

Nikamwomba karani apunguze redio.

"Mzee, wanasoma zetu sasa," watu wakalalamika.

"Hizo zitasomwa tena jioni. Hii inasomwa mara moja."

Karani akapunguza. Nikapanda kizingiti. Miguu yangu haikuwa ya zamani, mtu akanishika kiwiko. Nikasema: "Nyumba ya Kerubo. Mkamwana wake ni Moraa, aliyeolewa kwa ng'ombe katika nyumba hiyo. Wana wake ni Nyamweya na Omwenga, wana wa nyumba hiyo." Nikaonyesha simu. "Simu hii haina nafasi ya mkamwana. Itaandika kwamba Moraa hajaolewa, ili apasuliwe shingo. Neno la simu ni la hospitali. Nyumba ni hivi nilivyosoma."

Redio ilikuwa inanong'ona. Nilimtazama Onchari, na watu wengi nao walimtazama yeye kabla ya kusema lolote. Huo ndio ulikuwa muda mrefu kuliko wote katika kazi yangu. Nilingoja akohoe.

Hakukohoa. Aliangalia chini, akapangusa vumbi la chai kwenye suruali yake. Mama mmoja mwenye fulana ya upinzani akasema "Ee." Mzee mwenye fulana ya serikali akasema "Ee." Kisha kituo kizima. Moraa akaweka kidole.

Simu ilikikataa. Mkono wa mchuma chai hulika ncha za vidole mpaka mistari inafutika. Alijaribu cha pili, cha tatu, watu wakisongea karibu na kumshauri apake mafuta, apulizie, apanguse kwa kanga. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kisichochuma, ndicho kilichokubaliwa. Watu wakapiga kelele ya furaha, na wakati huo huo karani akaongeza sauti ya redio, kwa hiyo wengine walishangilia kidole na wengine walishangilia mbunge. Mgombea wa serikali alikuwa ameshinda.

Moraa alipasuliwa siku aliyopewa. Alirudi na kovu jembamba na sauti nzito kidogo kuliko ya zamani, na sasa analala amenyooka. Nasema hili wazi kwa wale watakaodhani nayachukia mageuzi: mpango mpya ndio uliomlipia. Nilikuwa na shaka nao na bado ninayo, lakini ulimlipia.

Baada ya muda Mkuu wa Kanda aliniita Kisii, katika jengo lile lile la ngazi. Hakukuwa na foleni tena.

"Mzee, umesoma habari za mteja hadharani. Kuna mtu amelalamika."

"Nani?"

"Siwezi kusema. Ni siri."

"Mteja mwenyewe alikubali asomwe, lakini aliyelalamika ndiye mwenye siri."

Akavuta pumzi. Alikuwa kijana muungwana kwa kweli. "Hata bila hilo, matokeo yameshatoka. Makao makuu yanafunga kazi ya mawakala wa vijijini. Kila kitu kitakwenda kwa simu. Ulikuwa umekaribia kustaafu hata hivyo."

Kwa hiyo tulikuwa tumehesabu vizuri pale hoteli ya chai, japo sijui kama ni kura zilizotuondoa au ilikuwa imeshaamuliwa na walikuwa wanangoja siku nzuri ya kusema. Nashuku ni la pili. Onchari alipewa kazi ya kuratibu uandikishaji katika kata. Nashuku ni yeye aliyelalamika. Sina ushahidi, na yeye akikutana nami bado ananiita mzee wa bima na kuninunulia chai, nami nainywa.

Kerubo alifariki mwaka uliofuata. Kabla udongo haujakauka, Onchari alikwenda kwa naibu wa chifu akasema kwamba Moraa mwenyewe alikiri kwa kidole chake hajaolewa, na mtu akitaka aangalie simu. Naibu wa chifu aliita wazee na majirani. Mimi sikuhitajika kusema neno. Alipouliza kama kuna anayejua jambo hili, watu wa kituo walijibu kwa pamoja, wa rangi zote mbili, "Tulisomewa." Na yule mzee wa fulana ya serikali akamwambia Onchari, "Na wewe ulikuwepo. Ulisimama juu ya gunia langu." Wana wa Moraa wanalima pale mpaka leo.

Ninyi mnaoandikisha leo mna haraka, na haraka yenu si mbaya, maana mgonjwa naye ana haraka. Uchaguzi utakuja mwingine, na watu watawaambia tena wangoje matokeo. Msiwangojeshe wagonjwa. Lakini mtu akishabonyeza, mgeuzieni simu aone mlichoandika juu yake, na kama hawezi kusoma, msomeeni kwa sauti, na awepo mtu mwingine anayesikia.

Mimi sikuweza kukaa nyumbani. Mke wangu alishatangulia, watoto wako Nairobi, na kuta zilinijua sana. Asubuhi moja niliamka nikaweka mashati mawili kwenye mfuko, jirani akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuona. Nilishuka Kenyenya. Miaka yote niliyofanya kazi, Kenyenya ilikuwa ya wakala mwingine, kwa hiyo sikumjua mtu, na hilo lilinipendeza. Nikazunguka soko, nikatazama ofisi, nikauliza chumba.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye simu mkononi. Kwenye kibaraza jirani mwanamke mwingine alikuwa anafua nguo.

"Umetoka wapi, mzee?"

"Nyamira, halafu Ogembo."

"Kazi?"

"Nimestaafu."

"Mtu aliyestaafu huenda kwao. Umefanya nini huko?" Alinitazama viatu, kama Meneja wangu wa kwanza, na nikampenda kwa hilo. Akachukua kitambulisho changu, akaandika kitu kwenye simu kwa kidole gumba, haraka. "Haya, chumba ni kile cha mwisho. Ufunguo huu."

Sikuupokea. "Umeandika nini?"

"Jina lako, mzee. Hujui kusoma?"

"Najua. Nisomee wewe. Na huyu wa kufua asikie."

Alishangaa, akamtazama mwenzake, kisha akasoma: jina langu, kwetu, kwamba niko peke yangu, kwamba mke amefariki. Yule wa kufua akakamua shati, akainua kichwa.

"Nimesikia," akasema.

Ndipo nikauchukua ufunguo.